Watu Saba wa Aina Tupu

9 Februari 1979

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na cherehani yako bado inakutii. Sisi huku hatujambo. Fundi saa wangu anakusalimu. Anatengeneza saa za mji mzima, ila ya ukutani kwetu imesimama tangu mwaka jana, na nikimwambia anasema mganga hajigangi. Binti yetu ametimiza miaka mitatu. Tunamwita Mkaguzi, maana hakuna droo, sufuria wala mkoba wa mgeni usiopita mikononi mwake. Akikosa la kukagua, anakagua meno ya baba yake akiwa usingizini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Hospitali inajenga jengo jipya la benki ya damu na wameamua lipewe jina la marehemu Babu. Mkuu wa kitengo aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Wewe ni mjukuu wake, amekulea, na unafanya kazi kwenye chumba kilekile alichofanyia yeye. Tuandikie maisha yake, kurasa ishirini hivi, tuchape kitabu kidogo cha siku ya ufunguzi." Ufunguzi ni Septemba. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Mengi ninayo. Najua alianza kama mfagiaji wa maabara, akajifunza kusoma hadubini kwa kuichungulia wakubwa wakienda kula. Najua alizunguka mitaa na kopo la majani ya chai lililojaa mirija ya kioo, akiomba watu tone moja tu la damu, hadi mji mzima ukamwita Mzee Tone. Na aina tupu nimeieleza hivi, uniambie kama mtu wa kawaida ataelewa: "Karibu binadamu wote wana alama fulani juu ya chembe zao za damu. Mzee Tone aliwakuta wachache wasio nayo. Mtu wa aina tupu akiingiwa na damu ya wengine, kwa kuongezwa au kwa kubeba mimba, mara ya kwanza mwili wake hushangaa. Mara ya pili hupigana."

Nisichokuwa nacho ni mwaka 1952. Ndio mwaka alioigundua, na ndio mwaka niliozaliwa mimi na mama akafa. Kila nilipomuuliza Babu habari za mwaka ule aliinuka akaenda kunawa mikono. Wewe ulikuwa msaidizi wake wakati huo. Niandikie unachokumbuka, hata kama ni kidogo.

Mwanao.


3 Machi 1979

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekaa posta siku kumi na moja, labda karani aliitumia kuwekea kikombe, maana ina duara la chai. Huku mvua haijui kukoma. Nina sare za shule mbili za kushona, na mwalimu mkuu wa moja ameniletea vipimo vya watoto wa mwaka juzi, kana kwamba watoto ni meza. Miguu inauma kidogo. Si kitu.

Umeieleza vizuri aina tupu. Baba angesema umetumia maneno mengi, kisha angeificha karatasi mfukoni aisome tena peke yake.

Chukua na hili. Watu walipoanza kusema kwamba anauza damu, walimfungia milango. Akaenda kukaa kwenye kiti katikati ya soko, akajichoma kidole chake mwenyewe, tone likadondoka kwenye kioo, akasema, "Nani anataka kuona damu ya mwongo ina rangi gani?" Wakacheka. Mwuza vitunguu akatoa kidole, na baada yake foleni ikafika barabarani. Hiyo weka. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyeshika kopo.

Kuhusu mwaka 1952, andika kama alivyoandika yeye. Baba alikuwa mtu wa kuandika. Kama kuna kitu hakukiandika, basi hakukitaka kiandikwe. Funika kombe mwanaharamu apite.

Umenipa habari za kila mtu nyumbani isipokuwa wewe. Na mwandiko wako umelalia upande, kama mtu anayeandika amejinyoosha kitandani. Unaumwa?

Mama yako mdogo.


21 Machi 1979

Mama mdogo,

Shikamoo. Mkaguzi amemeza kifungo cha koti lakini kimeshatoka salama. Fundi saa hajambo.

Una macho ya kutisha. Siumwi, nina mimba. Imefika mwezi wa tano na nilikuwa nakuficha, kwa sababu nilitaka kwanza nijue hali yangu ikoje. Sasa najua. Nimejipima kwa mikono yangu. Nilipombeba Mkaguzi, mwili ulizinduka. Mwili wangu sasa una kingamwili, askari wale wa kupigana na alama ambayo mimi sina, na mtoto aliyemo tumboni anayo kwa sababu ameirithi kwa baba yake. Tunapima nguvu yao kwa kuyazimua majimaji ya damu yangu kwa maji ya chumvi. Januari yalipigana hata yakizimuliwa mara nne. Juzi, mara kumi na sita.

Daktari wa akina mama ni mtu mpole, lakini alipoyaona majibu aliinuka akafunga dirisha ambalo halikuwa wazi. Anasema mtoto huenda akazaliwa na manjano, na damu yake ikabidi ibadilishwe yote. Nami nikivuja damu, siwezi kuongezwa ya mtu yeyote ila wa aina tupu. Katika orodha ya Babu kuna watu saba. Wanne wamekufa. Mmoja ana miaka themanini na hainuki kitandani. Mmoja ni mimi. Wa saba ni wewe.

Nakuomba uje mwezi wa sita. Nimeshasema. Nilikuwa nalizunguka tu.

Na kuna jambo jingine. Nimelipata daftari lake la kazi la mwaka 1952. Lilikuwa nyuma ya kabati la friji ya zamani, limefungwa kwa bendeji. Kila siku ina ukurasa wake, hata Jumapili. Kutoka tarehe tatu Novemba linaruka hadi tarehe tano. Ukurasa umekatwa kwa wembe, taratibu, karibu na uzi. Mimi nilizaliwa tarehe ishirini na saba ya mwezi huohuo. Kwenye kitabu cha wodi, siku ile, mbele ya jina la mama pameandikwa, "Ameongezewa damu chupa moja. Mtoaji: baba yake." Mstari wa chini yake: "Amefariki saa tisa alasiri."

Maisha yangu yote nimeambiwa alikufa kwa kutokwa na damu. Hakuna aliyeniambia kwamba aliongezewa.

Nani aliukata ukurasa ule?

Mwanao.


30 Aprili 1979

Mama mdogo,

Shikamoo. Wiki ya sita sasa na sijapata jibu. Nilikwenda posta mwenyewe, karani akanionyesha sanduku tupu kama mtu anayenionyesha kaburi. Nimepiga simu kwenye duka lililo karibu nawe. Mwenye duka akasema, "Yupo, nimemwona asubuhi anaanika vitambaa." Akaahidi kukuita. Nikasubiri dakika nane nikisikia mizani ikigongagonga, kisha akarudi akasema eti hukumfungulia mlango.

Kwa hiyo u hai. Hilo ndilo jema ninaloweza kuliandika leo.

Mara thelathini na mbili.

Mwanao.


12 Mei 1979

Mwanangu,

Marahaba. Pole na hali. Nilikuwa na homa, kisha sindano ya cherehani ikanipita kidoleni, kisha kazi.

Umeuliza, nakujibu. Baba ndiye aliyeukata. Na ndiyo, alijua. Alijua wiki tatu kabla hujazaliwa kwamba dada yangu hafai kutiwa damu ya watu. Siku ilipofika akamtia yake mwenyewe, na ndiyo iliyomuua. Sasa unayo. Usiniulize tena, kidonda hiki ukikitonesha hakitoki usaha, kinatoka damu.

Kula maini na mboga za majani. Usinyanyue ndoo.

Kuhusu mwezi wa sita, nina oda ya shule mbili. Tutaona.

Mama yako mdogo.


24 Mei 1979

Kwa mama mdogo,

Nimekwenda kwa Mkuu wa kitengo nikamwambia siandiki tena. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nitamjibu nikiweza kuongea bila kupiga meza.

Mtu yule alinisuka nywele nikiwa na miaka minne kwa sababu hapakuwa na mwanamke nyumbani. Alinifundisha kushika mrija wa kioo kama unavyoshika yai. Miaka ishirini na tano nimekula meza moja naye, na kumbe ananitazama akijua alichomfanyia mama yangu. Na mimi najivunia mbele za watu! Bango la jina lake limeshaletwa, limeegemezwa ukutani karibu na lango, limefunikwa kwa gunia. Kila asubuhi nalipita. Nikimweleza Mkuu niliyoyajua, halitapandishwa. Nimebakiza tu siku ya kumwambia.

Mara sitini na nne. Mtoto anacheza, lakini si kama Mkaguzi alivyokuwa anacheza. Anacheza kama mtu aliyechoka.

Daktari anataka uwe hapa tarehe 18 Juni, ukae hadi nijifungue. Damu haikai kwenye friji zaidi ya wiki tatu, kwa hiyo huwezi kuitoa mapema ukaondoka. Nilimwomba anitoe yangu aiweke akiba. Amekataa, amenivuta kope chini akaniambia, "Wewe mwenyewe umekuwa mweupe ndani, nikutoe nini?"

"Tutaona" si jibu. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Utakuja?


13 Juni 1979

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, ikanikalisha.

Umesema utalizuia jina la baba. Siwezi kuliacha hilo. Nilikuandikia nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni uongo uliovaa nguo safi. Ndani ya bahasha hii kuna ukurasa unaoutafuta. Baba alinitumia mwaka 1953, pamoja na kikaratasi: "Huu ni wako. Uchome." Sikuweza. Usome sasa, kisha urudi hapa.

Umeona mwandiko wake. "4 Novemba. Majimaji ya damu ya Mkubwa yameshika chembe za wote niliowajaribu, watu thelathini na wanane, nami mwenyewe nikiwemo. Hayakushika za Mdogo. Mkubwa akihitaji damu, ni ya Mdogo tu. Mdogo asitoke mjini mpaka dada yake ajifungue."

Mdogo ni mimi.

Nikueleze ilivyokuwa. Kabla yako mama yako alizaa mtoto mwingine, akawa wa manjano kama kiini cha yai, akafa siku ya tatu. Hapo ndipo baba alipoanza kuitafuta sababu. Wewe ulisalimika kwa kuwa mama yako na baba yako walikuwa watoto wa ndugu, ukazaliwa tupu kama mama yako, mwili wake haukuona cha kupigana nacho. Lakini hilo nani alilijua ukiwa tumboni? Baba alichanganya damu mchana kutwa, na chembe zangu ndizo zilikuwa kipimo chake. Kila asubuhi, "Leta mkono." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ndani ya viwiko vyangu palikuwa peusi kama mtu aliyepigwa. Sikuvaa mikono mifupi mwaka mzima.

Tarehe nne Novemba akaniambia, "Usitoke mjini mwezi huu." Nikauliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu nimesema." Hakutaka dada aogope, basi akanificha na mimi. Alizoea kuuamuru mkono wangu, masikio yangu hakuwa na habari nayo.

Tarehe ishirini na nne rafiki zangu walikuwa wanakwenda mji wa pili kupiga picha kwa mpiga picha mpya mwenye pazia lenye maua. Nilimwambia dada, natamani kwenda, ila baba hataki. Alikuwa ameketi, miguu imevimba, anakunja nguo zako ndogo. Akacheka. "Nenda bwana. Mikono yako imekuwa kama chujio. Nitamwambia umelala unaumwa tumbo."

"Na uchungu ukianza?"

"Kwani wewe ndiye mkunga? Nenda, uniletee picha."

Nilisema nitalala usiku mmoja. Nililala mitatu. Sikukwama, mwanangu, mabasi yalikuwepo. Nilikaa makusudi ili baba ajue mkono wangu ni wangu.

Nilirudi tarehe ishirini na saba saa kumi, na picha kwenye bahasha. Baba alikuwa kwenye beseni la korido anaosha mikono, na maji yalikuwa masafi lakini haachi kuosha. Mkunga ndiye aliyeniambia. Walikuwa wamenitafuta tangu asubuhi, kwa rafiki zangu, sokoni, hadi kwenye mto wa kufulia. Dada alimficha baba niliko mpaka alipozidiwa, na alipotaka kusema hakuwa na sauti. Alikuwa anakauka mbele ya macho yao. Baba akaona bila damu anakufa, na kwa damu yake yeye labda, labda, Mungu atafumba macho. Akajilaza kitanda cha pili akanyoosha mkono.

Aliponiona aliuliza, "Ulikuwa wapi?" Nikamwonyesha bahasha. Akasema, "Basi." Hakuniuliza tena hadi anakufa.

Akaukata ukurasa. Akauandikia ulimwengu kwamba aina tupu aliigundua Desemba, baada ya msiba. Watu wakasema, maskini, laiti angejua mwezi mmoja mapema. Akakubali aonekane hakujua, kusudi asiwepo wa kuuliza msichana alikuwa wapi. Mimi nikaondoka nyumbani, na hata kumzika sikuja. Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye wewe, unaniandikia kila mwezi.

Kama kuna jina la kuondolewa, si lake.

Nitakuja. Tarehe kumi na nane nitakuwa hapo.

Mama yako mdogo.


SIMU YA MAANDISHI, 26 JUNI 1979

MTOTO WA KIKE AMEZALIWA LEO ASUBUHI KABLA YA WAKATI. MANJANO INAPANDA. MAMA AMEPOTEZA DAMU. TULIKUNGOJA TAREHE 18. NJOO LEO. FUNDI SAA


15 Julai 1979

Mwanangu,

Sijui kama una nguvu za kusoma. Mpe fundi saa akusomee, ila ukurasa wa pili usome mwenyewe.

Nimefika salama. Sare zote zimekamilika, zimekunjwa, na sijui ni nani aliyezishona, maana mimi siikumbuki kazi hiyo.

Nataka nikwambie nilichokiona, kwa sababu wewe ulikuwa umelala na midomo yako ilikuwa na rangi ya majivu. Nilifika tarehe ishirini na nane, mchana. Mumeo alinishika mkono langoni, hakunisalimu, akanivuta tukakimbia. Nikapita lile bango chini ya gunia. Nikaingia chumba kilekile, mwanangu. Wamepaka rangi, lakini beseni ni lile. Msichana mmoja wa maabara akaniambia, "Mama, leta mkono," nikaanza kupandisha mkono wa gauni bila kuuliza, kama zamani. Kisha akaongeza, "Ni kwa ajili ya mtoto. Damu yake imevunjika, tutamtoa hiyo kidogokidogo na kumwekea yako. Chupa ya pili ni ya mama yake. Ikijaa nitakwambia." Ni mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kunieleza.

Nilimwona mtoto chini ya taa ya buluu, macho yamefungwa kitambaa, ngozi rangi ya bizari. Daktari alivuta kijiko kimoja kwa bomba la sindano, akarudisha kijiko kimoja. Akatoa, akarudisha. Saa mbili nzima. Nilikaa kwenye kiti nikihesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Alipomaliza alisema, "Ametulia." Na wewe siku ya pili ukafungua macho ukaomba uji. Nilikusikia nikiwa nje ya mlango. Hapo nikaondoka. Unisamehe kwa kutoaga, sikuwa na uso wa kukuletea.

Ukurasa wa pili ndio huu. Tarehe kumi na saba nilikuwa kituo cha basi na mfuko wangu. Tiketi mkononi. Basi likaita abiria, nikarudi nyumbani. Nilijiambia, sare hazijaisha. Tarehe ishirini nikaenda tena, nikakaa kwenye benchi hadi basi likaondoka mbele yangu, dereva ananitazama. Nilikuwa nimeshakuandikia yote, na nilidhani kuandika ndiko kugumu. Kumbe kugumu ni kuingia kwenye chumba kile na kukutazama usoni baada ya wewe kusoma. Siku kumi, mwanangu. Mtoto amenisubiri siku mbili nzima akiwa nje ya tumbo, kwa sababu mimi nilikuwa naogopa uso wako.

Hujaandika. Mumeo hajaandika. Mtoto anaendeleaje?

Mama yako mdogo.


7 Oktoba 1979

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mvua zimeanza na huku. Fundi saa amepata mteja mwenye saa ya mnara, sasa hashikiki kwa maringo. Mkaguzi ameanza kumkagua mdogo wake. Anahesabu vidole vyake kila asubuhi, na akifika kumi anatutangazia kwamba hakuna kilichoibiwa. Mimi nimerudi kazini nusu siku. Nimeambiwa nisizae tena, nami nimekubali bila ubishi.

Jengo limefunguliwa na jina la Babu liko juu ya mlango. Niliandika kurasa zangu ishirini, na ule wa tarehe nne Novemba nikauweka katikati kama ulivyo. Mkuu wa kitengo aliniomba niutoe. "Siku ya sherehe," akasema, "watu hawataki kusikia kwamba alimuua mtoto wake."

Nikamwambia, "Hakumuua. Alinyoosha mkono akijua, kwa sababu hakuna mkono mwingine uliokuwepo. Na haukuwepo kwa sababu alimwamuru mwenye mkono bila kumwambia sababu."

Akauliza mwenye mkono alikuwa nani. Nikasema ni mtu wa familia, yu hai, na habari zake ni zake. Niliusoma ukurasa ule mbele ya watu mia mbili. Hakuna aliyepiga makofi, lakini hakuna aliyetoka. Tangu wiki ile, kadi ya kila mtoaji wa damu adimu kwenye kitengo chetu ina mstari mpya chini: "Ameelezwa sababu. Sahihi yake." Mkuu mwenyewe ndiye aliyeuchapisha.

Sasa nikujibu ulichouliza Julai. Miezi mitatu sikukuandikia, na si kwa sababu ya ugonjwa. Mara tatu niliandika "mtoto hajambo" nikachana karatasi.

Ananenepa. Anacheka. Manjano imekwisha kabisa. Mwezi wa nane Mkaguzi aliangusha mfuniko wa sufuria karibu na kichwa chake, mimi nikaruka, yeye hakupepesa jicho. Fundi saa alileta saa za kengele kutoka kibandani, moja baada ya nyingine, akaziliza karibu na sikio la kushoto, kisha la kulia. Saa zote kumi na nne. Ya mwisho ilikuwa ile kubwa inayowaamsha majirani. Mtoto alikuwa anaangalia kope za baba yake. Fundi saa akazizima zote, akazipanga upya kwenye sanduku, akatoka nje.

Hasikii. Daktari anasema manjano ilifika kwenye mishipa ya masikio kabla damu haijabadilishwa. Nilimuuliza kuhusu zile siku mbili. Akasema huenda ni hizo, na huenda hata ungekuwa umekaa hapa tangu tarehe kumi na nane ingekuwa hivihivi. Akasema hakuna atakayejua, na nisimwamini atakayesema anajua.

Ningeweza kukuficha. Ningeandika hajambo, ukafa ukiamini hivyo, na siku moja yeye angekuta barua nyuma ya kabati. Babu alikuficha ili usiumie, na kimya chake kikakufukuza nyumbani miaka ishirini na sita. Sitaki kukulinda namna hiyo. Hasira ninayo, sikudanganyi. Kuna asubuhi naamka nayo kabla sijakumbuka ni ya nini. Lakini mtoto ni mzima kwa damu yako, na hilo nalo nalikumbuka, mara nyingine ndani ya dakika ileile.

Anamtazama mtu usoni muda mrefu, kama anayesoma. Mwalimu wa shule ya viziwi anasema tusingoje akue. Nyumba nzima ijifunze lugha ya alama tangu sasa, na kila anayetaka kuzungumza naye maishani. Darasa la wazazi na ndugu lina viti sita. Tumeandikishwa mimi, fundi saa, Mkaguzi, mkunga aliyenizalisha, na jirani wa mlango wa pili. Mwalimu akauliza kiti cha sita ni cha nani.

Linaanza Jumatatu, tarehe tano Novemba, saa nne asubuhi. Nimeandika jina lako.

Mwanao.